Rudia Nilichosema

Gati la Klaipėda, Februari, saa kumi na moja alfajiri.
Mimi niko juu, mita arobaini, kwenye kibanda cha kioo,
kontena likining'inia mbele yangu kama jino bovu.
Chini simwoni mtu. Naona kofia za njano
na moshi wa pumzi.
Kwa hiyo tuna sheria moja, kongwe kuliko winchi hii:
anayeongoza akisema, wewe rudia alichosema,
ndipo unyanyue.
"Kushoto, polepole, nusu mita."
"Nimesikia: kushoto, polepole, nusu mita."
Miaka kumi na tisa. Sijamponda mtu.

Basi wakamleta Tautvydas.
Miaka ishirini, sauti nyembamba, glavu mpya.
Siku ya tatu akachanganya kulia na kushoto,
nami nikabonyeza redio, nikamwita,
aa, niache nisilirudie. Lilihusu akili yake, na mama yake.
Masafa yale husikilizwa na gati zima.
Kilisikika kicheko cha mtu mmoja, kisha wawili.

Wanasema maneno makali hayavunji mfupa.
Waliosema hivyo hawakuwahi kusimama chini ya tani ishirini.

Maana kijana hakukosea tena. Alinyamaza tu.
Alitoa amri fupi fupi, za kukariri,
wala hakuniuliza kitu.
Na Alhamisi, waya ulipojisokota upande nisiouona,
yeye aliuona.
Aliuona, akafungua mdomo, akaufunga.
Akawaza: huenda nakosea tena.

Kontena lilianguka mahali pasipo mtu.
Lilijaa sahani.
Tuliokota vigae mpaka adhuhuri.

Danguolė, msimamizi wetu, hakunifokea pale.
Alipanda ngazi zote, na magoti yake yale,
chupa ya chai kwapani.
Akaketi juu ya sanduku la vifaa, akahema, akanimiminia.
"Niambie ulichokiona," akasema.
Hakusema: ulichokifanya.
Nikaeleza. Hakunikatiza. Chai ikapoa.
Kisha: "Yeye pia aliona kitu, Rimantas.
Nani alimfundisha kwamba huku juu hakuna masikio?"

Jioni Eglė alikuwa akigeuza chapati za viazi.
"Nimechoka," akasema.
Miaka yote jibu langu lilikuwa: "Hata mimi,"
kana kwamba uchovu ni mashindano
na kombe lazima nilibebe mimi.
Safari hii mazoea ya kazi yalinitangulia mdomoni:
"Nimesikia: umechoka."
Akageuka, mwiko mkononi.
"Una homa?"
"Sina. Endelea."
Akanitazama kama anayepima kina cha maji kwa ufito.
Kisha akaendelea: dada yake, yule daktari aliyemkata kauli,
na jambo la mwaka juzi
ambalo sikujua kama bado linauma.
Nilirudia kila neno. Mara mbili nilikosea, akanisahihisha.
Chapati ziliungua, tukazila hivyo hivyo.

Kesho yake nilitaka kumvuta Tautvydas pembeni,
nyuma ya ghala, sisi wawili, tuyamalize.
Kisha nikakumbuka tusi lilipita wapi.
Nikabonyeza kitufe.
"Tautvydas. Nilikutukana hewani, mbele ya watu.
Nilikosea. Ukiona kitu sema, hata kama huna hakika.
Huku juu kipofu ni mimi."

Redio ikakoroma.
Nikahesabu mpaka sita.
Chini kabisa, kofia moja ya njano iliinuka.
"Nimesikia," ikaja ile sauti nyembamba.
"Ulikosea. Na ni kipofu."
Kicheko, gati zima. Cha kwangu pia.
"Sasa kulia, polepole, mita moja."

"Nimesikia," nikasema. "Kulia, polepole—"