Nukta Tatu

Nilizaliwa Webuye, ambako moshi ulitafuna mabati.
Kiwanda cha karatasi kilinuka mayai viza
tukaambiwa hiyo ndiyo harufu ya mshahara.
Wageni walifunga madirisha.
Sisi tulifungua, tujue kama mwezi huu kuna unga.

Baba, Bonventure Sifuna, alihudumu mtambo wa tatu.
Alileta nyumbani karatasi zilizokatwa kombo
nami nikazijaza vituko:
katekista aliyenaswa na seng'enge, kanzu juu,
akiendelea kutubariki.
Mama alisoma akacheka, uji ukafurika jikoni.
Baba alisoma, akaikunja mara nne,
akaitia mfukoni, akaenda zamu ya usiku.

Siku walipofunga lango aliingia mapema.
Akavua helmeti. Akaitundika msumarini.
Akaketi, akafungua kamba za buti,
ya kushoto,
ya kulia.
Kisha: "Wamenipa likizo. Nirudi parapanda ikilia."
Tulicheka hadi tukashikana mabega,
na ugali wa jioni hiyo ulitosha kiganja.

Mwaka wa kumi na nne sasa naandikia televisheni,
dakika ishirini na mbili kila Alhamisi,
kwenye chumba cha Kisumu juu ya duka la magodoro:
watu wanne, chupa ya chai, feni mbovu,
na mkurugenzi anayeuliza mbona ukurasa wa tisa umenuna.
Shangazi zangu nimewauza wote.
Katekista nimemuuza mara mbili,
mara ya pili nikamfanya mpiga ngoma wa Jeshi la Wokovu.
Jina langu hupita mwishoni kama kuku avukaye barabara.
Mama hukodoa macho. "Nimeliona nusu," husema.

Wiki moja kavu, nikamuuza baba.
Mwigizaji akaingia, akatupa helmeti kitini,
akayasema maneno yale yale mlangoni,
na kicheko cha kopo kikabandikwa juu.

Nilipiga simu.
"Umeitazama?"
"Nimeitazama."
"Na?"
Ng'ombe wa jirani akalia. Salio langu likayeyuka.
"Maneno ni yangu," alisema.
"Lakini ulisahau kunyamaza."

Tangu hapo, palipo na kidonda,
naweka nukta tatu, na mstari mtupu chini yake.
Waigizaji wapya huinua kichwa:
hapa tungoje kwa muda gani?
Buti mbili, nawaambia.
Zile za kamba ndefu.