Skrubu Nne

Baba aliniachia bisibisi na maneno haya:
"Nimeacha skrubu nne zimelegea Tanga.
Nenda ukazikaze."
Kisha akaomba uji, akanywa nusu.

Alikuwa fundi wa pangaboi, Shehoza jina lake,
na njaa ya miaka ile ilimfunza
kwamba fundi akikaza kila kitu huitwa mara moja tu.
Basi aliacha moja, robo mzunguko,
ipige kik, kik, kik katikati ya sala
hadi mtu atumwe: kamwiteni fundi.
Alifanya hivyo katika nyumba za Mungu,
kwani huko, alisema, watu hunyamaza wakaisikia.

Nimetoka Tabora kwa mabasi mawili.
Nimekodi baiskeli,
na soksi yangu ya kulia ina tundu.

Msikitini, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
Bi Mwanakheri alinionyesha pa kuweka viatu,
akanipa mtandio wenye harufu ya udi na vitunguu.
Nikainua macho: mapangaboi sita, mapya, meupe,
kimya kama watu walioshiba.
"Yale ya zamani?"
"Yaliuzwa chuma chakavu, mwaka tuliojenga choo."
Nikakaa mkekani upande wa wanawake,
bisibisi mkononi imekosa kazi.
Kumbe dhambi nayo huuzwa kwa kilo.

Hekaluni, Bwana Kantilal alikuwa anatunga shada,
sindano mdomoni, maua ya manjano mapajani.
Nilimweleza nikiwa nimesimama, mguu wa kulia
nimeuficha nyuma ya wa kushoto.
Hakushangaa.
"Ile ya baba yako? Niliikaza mwenyewe
kabla hajafika mwisho wa mtaa.
Mwezi uliofuata nikamwita tena, na uliofuata.
Alikuwa na watoto watano, na baiskeli haina breki.
Wewe wa ngapi?"
"Wa nne."
Akanitilia kiganjani vipande vya nazi na sukari.
Kengele ya mlangoni sikuigusa.
Niliona haya, si mbele ya miungu yake,
ila mbele ya vidole vile vinavyotunga ua baada ya ua
bila kuhesabu.

Kanisani nilivua viatu kwa mazoea ya siku ile.
Mzee Mhina akacheka mpaka akakohoa:
"Vaa, binti, huku sakafu ina misumari!"
Ngazi ilishikwa na wanakwaya watatu
waliokuwa wanagombana juu ya sauti ya pili.
Nikapanda.
Ilikuwepo. Ina kutu, imelegea vilevile,
robo mzunguko, kama alivyoiacha jana.
Nikaikaza, mkono ukaniuma hadi begani.
Walipowasha, Mzee Mhina alitega sikio.
"Mbona kama kuna kitu kimepungua?"
Nikasema hakuna.
Uongo wangu wa kwanza kanisani tangu kipaimara.

Gurudwara nilifika taa zikiwaka.
Wenyewe wengi wamehamia mbali,
aliyebaki na funguo ni mlinzi, Sechambo,
Mzigua wa Handeni, kilemba cha kuazima kichwani
kwa sababu, alisema, nyumba ni ya watu na ina adabu zake.
Akanipa kitambaa nijifunike.
Ukumbi mtupu, mazulia yamekunjwa,
pangaboi moja linazunguka peke yake.

Kik.
Kik.
Kik.

Nilitoa bisibisi. Akanishika mkono.
"Hiyo usiiguse. Ndiyo saa yangu.
Ikipiga nasinzia, najua umeme upo, geti liko salama.
Ikinyamaza tu, naamka na rungu.
Mwaka wa kumi na tisa huu, sijaibiwa hata ufagio."

Akaleta dengu katika sufuria iliyopondeka,
chapati mbili, moja imeungua upande.
Tulikula chini, tumenyamaza,
kichwani kwetu kitu kinahesabu kisichojua kinahesabu nini.

"Fundi wake alikuwa hodari," akasema.

Sikubisha.