Kilichokuwa Ndani ya Mabano

Redio imesema umefariki, mzee wa Marekani.
Ikataja tuzo zako, wake zako wawili,
magonjwa, vitabu, mji uliozimiwa taa kwa heshima yako.
Haikutaja Isevya.

Haikutaja ukumbi wa reli na bati lake lenye matobo,
wala Mwalimu Sizya aliyeifasiri tamthilia yako
kwa penseli, nyuma ya fomu za mahudhurio,
akikwama siku tatu kwenye neno moja: theluji.
Tulichana mito miwili ya mama yangu.
Usufi ukadondoka toka darini, ukamwingia Kabula puani,
akapiga chafya katikati ya msiba.
Watu wakacheka, wakidhani uliandika hivyo.

Mimi nilikaa nyuma ya pazia la magunia ya tumbaku,
daftari mapajani, nikiwanong'oneza wasahaulifu.
Kazi yangu ilikuwa kuyajua maneno yako yote
na nisionekane.

Baba alikuwa Mihambo,
mshika bendera mstaafu wa stesheni,
mtu aliyesema na magari moshi kuliko na watu.
Kwako baba anamenya viazi jikoni;
kwetu alichambua michembe kwenye ungo.
Mwana anaingia, baada ya miaka kumi na miwili.
Hapo uliandika, ndani ya mabano: kimya kirefu.
Kisha pazia.

Jumamosi usiku kimya kikaja,
kikakaa,
kikazidi.
Nikadhani amesahau. Nikafunua daftari,
lakini mtu utamnong'oneza nini penye kimya?
Mihambo hakumtazama Nkumbi, mwanawe wa jukwaani.
Alitazama benchi la mwisho, kando ya mlango,
alipokaa Lugata, wa kumzaa,
aliyeshuka alfajiri na treni ya Mpanda
na hodi kwa baba yake hajapiga.

"Mwana wane," akasema. "Chakula kipo."

Sizya akashika kichwa.
Lugata akasimama. Alikuja mbele au alitoka nje?
Sikuona. Usufi ulikuwa machoni,
ndivyo ninavyowaambia wanaouliza.

Daftari ninalo bado, limeliwa pembe na mchwa.
Penye mabano yako pana mwandiko usio wa Sizya:
*chakula kipo*.
Niliandika mimi, usiku uleule,
ili kesho yake nisikose kumkumbusha.

Jumapili nikanong'ona, mara mbili.
Mihambo akaendelea na michembe yake,
amenyamaza, sawasawa na ulivyotaka.
Kwenye benchi la mwisho palikuwa na kofia tu.