Hati ya Kupokea Vitabu

Fomu ilitangulia, vitabu vikabaki njiani.
Nakala tatu: nyeupe, ya waridi, ya kijani.
Nathibitisha kupokea Sheria za Nchi, juzuu kumi na mbili,
zote zikiwa katika hali njema. Sahihi. Muhuri.
Nikaiwekea jiwe juu, maana upepo wa Newala hauombi ruhusa,
nikangoja.

Walisema Rufiji imefurika, lori limelala Kibiti.
Walisema limetoka Kibiti, limelala Nangurukuru.
Baadaye hawakusema kitu.

Katika kabati letu mlikuwa na juzuu tano.
Ya sita aliiazima hakimu aliyehamia Songea
akasahau kuirudisha;
kifungu cha kutorudisha mali ya serikali
kilikuwa humohumo.

Mimi Somoe Chilumba, karani wa masjala,
kazi yangu nyingine haikuandikwa kwenye barua ya ajira:
bahasha ya kaki ikija kutoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali
ina vipande vyembamba kama tiketi za basi,
Futa kifungu hiki. Weka hiki badala yake.
Gundi ya ofisi ilikwisha tangu Nanenane ya mwaka juzi.
Basi nikakoroga unga wa muhogo kwenye kopo la maziwa,
kwa maji ya kununua,
nikaitia Jamhuri viraka, ukurasa kwa ukurasa.

Panya hawajui Kiingereza.
Muhogo wanaujua.
Wakala gundi, wakala na kiraka,
sheria iliyokufa ikafufuka chini yake, nyeusi, safi,
kama haijawahi kuzikwa.

Ndipo akaletwa Mkwepu, fundi baiskeli wa sokoni:
kilo arobaini za korosho, usiku, kangomba.
Baiskeli yake ikaandikwa kielelezo namba moja.
Hakimu Nandonde akafungua, akasoma: jela, miezi sita.
Mkwepu akasema, bila ukali,
"Naomba nioneshwe ilipoandikwa."

Kutojua sheria si utetezi, hilo tulifundishwa.
Hatukufundishwa pa kusimama
pale mahakama yenyewe isipojua.
Vidole vyangu vilikumbuka. Nikanyanyuka:
"Mheshimiwa, hapo palikuwa na kiraka."
"Kiko wapi?"
Tukainama watatu juu ya alama za meno.

Kesi ikaahirishwa. Siku kumi na nne. Tena kumi na nne.
Kila tarehe Mkwepu alikuja, haulizi kesi,
anachungulia dirishani: "Vimefika?"
kama mtu mwenye mke wodini.

Vikafika Juni, kwenye buti la basi,
chini ya kreti za soda, boksi limelowa chepechepe.
Stendi ni mbali, na gari la mahakama
lilikuwa juu ya matofali tangu Februari.
Hakimu akasaini: kielelezo namba moja
kitolewe ghalani, kwa saa moja tu.
Mshtakiwa akakikokota mwenyewe,
mkono mmoja kwenye usukani,
wa pili ukiishika sheria isianguke.

Juzuu kumi na moja. Ya saba haimo,
hakuna ajuaye ilishukia wapi.
Ile yake imo, kurasa zimeshikana kama chapati.
Tukaianika barazani. Akakaa nayo kutwa,
akifukuza mbuzi, akipuliza kati ya karatasi.
Alasiri ukurasa ukaachia.
Nikamsomea Kiingereza kwanza, alitaka kukisikia,
kisha Kiswahili,
naye akamgeukia mama yake kwa Kimakonde:
faini.
Mama hakucheka wala hakulia.
Aliuliza, "Kiasi gani?"

Jioni nikaondoa jiwe.
Kwenye "kumi na mbili" nikakata mstari.
Kwenye "hali njema" nilikaa kidogo na kalamu,
kisha nikaandika, nyeupe, waridi, kijani:
Zimelowa. Zinasomeka.