Pini Arobaini na Nne

Diski ya zamani ilikufa Jumatano,
kwa mlio wa punje ya mchele iliyoingia kwenye feni.
Tak. Tak. Kimya.
Nikaagiza nyingine, iliyokwisha tumika, kutoka Celje.
Ikafika imevishwa soksi ya mtoto badala ya sponji.

Miaka hamsini nasuka lesi hapa Idrija,
mji uliotobolewa chini kwa ajili ya zebaki.
Vidole vyangu havitetemeki. Skrubu ndogo kama ufuta
nilizipanga juu ya kitambaa cheupe jinsi zilivyotoka:
nne za mfuniko, mbili za kitako,
na moja ambayo hadi leo sijui ilitoka wapi.

Nikaingiza diski. Nikawasha.
Maandishi meupe juu ya weusi: diski haipo.
Nikazima, nikatoa, nikapuliza, nikarudisha.
Haipo.
Nikaisukuma kwa kidole gumba
kama mtu anayelazimisha sanduku la nguo lifunge.
Haipo,
nami nimetoka kuishika, ina uzito wa kipande cha sabuni!

Kipya kinyemi, japo kidonda.
Hiki hakikuwa hata kipya.

Nikashuka kwa Lojze wa ghorofa ya chini,
fundi umeme wa mgodi hadi siku ulipofungwa.
Alikuwa anakunywa supu. Aliuliza swali moja,
kijiko kikiwa bado mdomoni:
"Ile ya zamani umeiweka wapi?"

Ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vifungo.
Na kwenye ncha yake, kimeng'ang'ania kama kupe,
kipande cha plastiki nilichodhani ni mwili wake:
kiungo. Bila hicho, diski na mashine
ni majirani walionuniana, mlango kwa mlango.
Usiache mbachao, waliniambia.
Mimi nusu ya mbachao nimeifungia koponi.

Tukakichomoa polepole, huku na huku, kama jino la utoto.
Chini ya taa nikaiona kazi ya kidole gumba changu:
kwenye diski ya Celje, pini moja imemlalia mwenzake.
Nikachukua pini ya lesi, ile nyembamba kuliko zote,
nikaiinua kwa pumzi tatu. Ikasimama.

Kisha nikazihesabu.
Arobaini na tatu.
Nikahesabu tena kutoka upande wa dirisha.
Karibu na katikati ya safu, pengo.
"Nimeivunja," nikasema.
Lojze akacheka mpaka akakohoa,
kikohozi chake cha mgodini kisicho na mwisho.
"Hilo pengo ni la kiwandani, Milojka.
Limeachwa ili mtu asichomeke kichwa chini miguu juu."

Nikaona haya. Mimi,
ninayewaambia wasichana kila Jumamosi
kwamba kwenye lesi tundu nalo ni kazi,
uzi hulizunguka kwa adabu na kwenda zake,
nililiona tundu nikalia hasara.

Saa nne na robo usiku ikavuma.
Diski ipo.
Ipo, na ni tupu kama sahani iliyorambwa.
Michoro yangu mia mbili na kumi haikuvuka.
Ile ya zamani iko kwenye friza,
ndani ya mfuko, kati ya mchicha na uyoga;
Lojze anasema baridi imewahi kuwazindua wengine
kwa dakika chache. Sijathubutu kujaribu.
Kwa sasa nimetandika kitambaa cha meza cha harusi yangu
naichora upya, fundo kwa fundo,
pamoja na doa la divai, ambalo silichori.

Kabetri kadogo ka saa nako kamekufa,
kwa hiyo kila asubuhi mashine inaamka
ikidai leo ni mosi Januari, elfu mbili na mbili.
Naisahihisha. Usiku inasahau.
Hatugombani.
Naweka kahawa, naandika mwaka.