Majilio Katika Chumba cha Taa

Jumapili ya kwanza.
Nimewasha mshumaa mmoja kati ya minne,
nikaandika tarehe kwenye daftari la zamu
kwa kuwa daftari jingine sina.
Nje, Silesia imevaa masizi na theluji,
kengele ya kanisa inakohoa kama marehemu baba.
Padri Gerard amesema: ngojeni.
Nimecheka kidogo ndani ya skafu.
Miaka ishirini na sita nagawa taa mgodini;
nimefanya nini kingine?

Jumanne.
Misa kabla ya alfajiri, kanisa limezimwa taa.
Watoto wanaingia na vifanusi vya karatasi;
mmoja ameunguza kingo za chake,
ananusa moshi wake na kujivuna.
Natoka humo saa moja kasoro robo, bado usiku,
kwenda kuwapa wengine mwanga wa kushukia gizani.
Taa mia moja na arobaini, mkono kwa mkono.
"Shuka salama." "Shuka salama." "Wewe pia, Zefel, funga kifungo hicho."

Siku ya Mtakatifu Barbara.
Bendi imepita Mtaa wa Reli, kofia za manyoya meusi,
tarumbeta zikigandia midomoni.
Nimekata tawi la mcheri, kama mama alivyokuwa akifanya,
nikalitia kwenye chupa ya maziwa, dirishani hapa kazini.
Likichanua kabla ya Noeli, husemwa, mwaka una neema.
Lisipochanua, husemwa pia, maji yalikuwa baridi mno.
Imani yetu haikosi mlango wa nyuma.

Tarehe tisa.
Hakuna cha kuandika. Mvua. Kikohozi.

Tarehe kumi na mbili.
Bwana, nikuambie jambo lisilofaa mimbarini:
mimi sijui kungoja. Najua kuhesabu.
Msumari namba 217 ni mtupu, mwaka wa kumi na moja sasa.
Ernest aliichukua taa ile siku ya Jumatatu,
akaniomba kahawa; nikamwambia, ukirudi.
Mwamba ulikuwa na mipango yake.
Kila jioni macho yangu hupita pale
kama ulimi penye pengo la jino.

Leo wamesoma habari za wanawali waliosinzia.
Wahubiri huwapenda wale watano wenye mafuta.
Mimi namuwaza muuza mafuta,
aliyegongewa mlango usiku wa manane,
akaamka, akapima, akarudi kulala,
na arusini hakualikwa.

Kumi na saba.
Msimamizi, bwana Pyka, ameleta karatasi:
namba tupu zijazwe, mgodi hauna fungu la kumbukumbu.
Nimetia saini. Kalamu ilikwaruza.

Kumi na tisa.
Kijana anaitwa Denis, ana chunusi shingoni
na buti za mtu mwingine.
Nimempa 217. Sikumwambia kitu.
Kidole chake kiligusa changu, baridi kama kitasa.
"Shuka salama," nikasema,
na hapo ndipo nilipoanza kungoja,
kungoja hasa, kama mja mzito,
mkono tumboni, sikio kwenye lifti.

Zamu ikaisha. Mia moja thelathini na tisa.
Dakika kumi. Ishirini.
Nikayatazama macho ya tawi la mcheri:
vifundo vya kahawia, vimekunja ngumi.
Sikupata maneno ya sala.
Nilitaja namba tu, moja moja, kama punje za rozari.

Halafu mlango, na baridi, na uso mweusi wenye meno:
alikuwa amepotea kwenye korido za bafu.
Akaiweka taa mezani, bado inawaka,
akauliza, "Hilo tawi, mama, limekufa?"

"Bado," nikasema.

Nikaitundika taa mahali pake.
Msumari ulilia kidogo, kwa kutu.
Nikachemsha maji. Ile kahawa ninayodaiwa
nikampa yeye; akainywa amesimama,
akilalamika kwamba haina sukari.