Sifongo ya Otakar

Kazi yangu ni kuua visivyoonekana.
Miaka kumi na tisa, hospitali ya Ostrava, wodi ya upasuaji:
ndoo nyekundu ya vyoo, ndoo ya buluu ya vitanda,
na mikono inayonuka klorini hata Jumapili,
hata nikikanda unga.

Kwa hiyo Radim aliponiachia samaki wake
akaenda Brno kusomea ujenzi wa madaraja,
nililitazama lile tangi kama ninavyotazama sakafu:
ukungu wa kijani kiooni,
kinyesi kati ya changarawe,
sifongo ya kichujio nyeusi kama soksi ya mchimba makaa.
Nikasema, maskini, mwanangu kawafuga jalalani.

Nikakunja mikono ya blauzi.
Nikawahamishia wote kwenye sufuria ya supu,
neoni kumi na wawili,
kambale wadogo watano wenye masharubu,
konokono mmoja.
Changarawe nikaichemsha.
Kioo nikakisugua mpaka nikauona uso wangu.
Sifongo nikaikamua chini ya bomba la maji moto
mara tatu, na sabuni, Mungu anisamehe,
mpaka ikarudia rangi yake ya dukani.
Maji yote mapya. Lita themanini.
Yalikuwa maangavu, matulivu, hayana neno.

Siku ya pili walipanda juu,
vinywa vikifunguka na kufumba
kama watu wanaohesabu kimoyomoyo.
Siku ya tatu niliokota neoni wanne,
mistari yao imezimika.
Nikabadilisha maji tena. Yote.
Siku ya nne, saba.

Radim hakunigombeza kwenye simu.
Hilo ndilo lililoniuma.
Alinyamaza, nikasikia tramu ikipita huko aliko,
kisha: "Mama, nenda kwa Otakar, ghorofa ya tatu."

Otakar alikuwa mtu wa feni migodini,
kazi yake kuhakikisha kule chini kuna pumzi.
Sasa mapafu yake mwenyewe yanapiga mluzi.
Alinifungulia na fulana na suruali ya kulalia,
hakunipa kiti.
"Sifongo uliifanyaje?"
Nikamwambia.
Akacheka hadi akakohoa,
akakohoa hadi akashika ukuta.
"Umewafukuza wafagiaji wote," akasema,
"halafu unashangaa nyumba inanuka."
Wafagiaji. Aliniambia mimi.

Akazamisha mkono tangini mpaka kwenye kiwiko,
akachomoa sifongo yake, inachuruzika tope,
akaikata nusu kwa mkasi wa jikoni,
akaitia kwenye chupa ya jemu pamoja na maji yake.
"Usiisuuze. Usiinuse. Kimbia kabla haijafa."

Nami Zdenka, wa ndoo nyekundu na ndoo ya buluu,
nikapanda ghorofa nne nimekumbatia uchafu
ndani ya koti,
nao una joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

Tangu hapo ni theluthi tu, kila Jumanne.
Maji ya bomba nayalaza usiku kucha
kwenye ndoo ya tatu, nyeupe,
klorini ijiondokee.
Natia kiwiko kupima joto
kama nilivyompimia Radim maji ya kuogea.
Kioo cha mbele nafuta. Cha nyuma sikigusi:
kuna kijani pale, laini kama meza ya biliadi,
na alfajiri nikirudi zamu
namkuta konokono akikilamba,
yeye hana saa ya kuripoti.
Kambale walipona watatu.
Yule neoni wa mwisho alitembea nao wiki sita,
sijui kama alidhani ni kambale.

Kazini bado naua. Pale sina huruma,
wala sitakiwi kuwa nayo.

Februari, usiku wa barafu, umeme umekatika na kurudi,
mlango ukagongwa.
Otakar. Amepanda ghorofa nne kwa miguu,
hana pumzi ya kusema,
amenyoosha tu ile chupa ya jemu,
tupu, imeoshwa inang'aa.

Nikatafuta mkasi.

"Otakar," nikamwambia,
"hii chupa uliiosha na nini?"